Hesabu ya Sindano

Kwa miaka kumi na moja alideki wodi ya watoto wenye saratani, nao walimwita Mama Ndoo. Daktari akiingia, wazazi walinyamaza. Wazazi wakiingia, watoto walinyamaza. Akiingia Mama Ndoo na tambara lake, hakuna aliyejali, kila mtu aliendelea na yake.

Kwenye kitanda cha dirishani alilazwa binti wa fundi viatu, wa miaka sita, mwenye saratani ya damu. Akichomwa sindano hakulia. Alinyoosha mkono, akafumba macho, basi. Manesi walimpenda kupita kiasi. "Huyu ndiye simba wetu!" walisema.

Asubuhi moja Mama Ndoo alikuwa amepiga magoti, anasugua chini ya kitanda hicho, aliposikia sauti juu yake.

"Mama Ndoo, mtu akimfinya mtoto mara saba, anachomwa sindano ngapi?"

"Mtoto gani tena, mwanangu?"

"Mdogo wangu. Alikuwa mchanga bado. Mama alikuwa jikoni, mimi nikamfinya. Saba." Akaonyesha vidole. "Sindano ni kumi na tisa sasa. Mbona haziishi?"

Mama Ndoo alisugua palepale mpaka sakafu ikaomba msamaha. Kisha akainuka, mkono kiunoni.

"Mimi mdogo wangu nilimng'ata sikio. Sijachomwa hata moja, na yeye sasa ana kitambi."

Mtoto alicheka kidogo, lakini alionekana hajaamini.

Kwenda kumwambia muuguzi mkuu hakukuwa rahisi. Mfagizi na mambo ya wagonjwa wapi na wapi? Hata hivyo alivua glavu, akabisha hodi. Muuguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini. "Na sisi tulidhani ni ujasiri," alisema.

Mchana ule daktari aliketi kitandani, mama mtu pembeni, akachora damu kwenye karatasi: viduara vizuri, na vingine vilivyokua ovyo. "Hivi vilijiharibikia vyenyewe," alisema. "Havikuletwa na mtu. Sindano si adhabu, zinavifukuza."

"Hata kufinya hakukuvileta?"

"Hata kufinya."

Mama alimvuta kifuani. "Ungeniambia, mama'angu."

Kesho yake, sindano ilipoingia, simba alipiga yowe lililofika hadi stoo ya mashuka. Mama Ndoo aliegemea fagio lake akatabasamu peke yake. Jumapili mdogo mtu aliletwa kwenye benchi la nje. Akamshika dada yake pua, wote wawili wakacheka.

Matibabu yalichukua miaka miwili na ushei. Damu ilisafika, binti akarudi shule. Siku hizi, kwenye kikao cha Jumatatu, muuguzi mkuu humwekea Mama Ndoo kiti, humuuliza watoto wanasema nini. Juzi Mama Ndoo alieleza kuwa mmoja anaamini nywele zake zilizonyonyoka zimetangulia nyumbani kumsubiri. Walijadili, wakakubaliana hilo waliache kama lilivyo.