Kutosimama si Ajali

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Husemwa kwamba mzee akiukumbuka ujana wake hutabasamu. Mimi siku hii nikiikumbuka hukunja uso, na usitarajie nitakusimulia kwa upole. Keti, sikiliza.

Nilikuwa kijana wa Rugu, sijaoa bado, nina baiskeli nyeusi ya chuma niliyoipata kwa jasho la kuchuma kahawa. Rafiki yangu alikuwa Deo, mtoto wa pekee wa jirani yetu mjane, Ma Kokusima. Kazi yetu ilikuwa kupeleka mikungu ya ndizi mnadani, imefungwa kwenye keria. Tukirudi bila mzigo tunashindana. Milima yetu unaijua. Pale ambapo wengine walishuka wakasukuma, Deo hakushuka. Alisimama juu ya pedali akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbovu kuliko zote parokiani, mpaka kileleni.

Basi tajiri mmoja wa kahawa akatangaza mashindano, kutoka Omurushaka hadi Murongo, kule mpakani na Uganda. Jina lake silitaji, kwa kuwa wajukuu zake hawana kosa. Mshindi angepewa mtamba. Mtamba, mwanangu! Kwa nyumba ya mjane, ng'ombe jike ni maziwa, ni samadi ya migomba, ni heshima mbele ya wakwe. Deo alijinoa kwa mazoezi mpaka mama yake akamwambia, "Sasa baiskeli ndiyo mke wako." Na tajiri aliahidi mbele ya umati kwamba pikapu yake itatufuata nyuma, na atakayeanguka atabebwa. Aliahidi kwa mdomo wake. Nilikuwepo, nilisikia.

Barabara wakati ule ilikuwa ya changarawe, si lami hii mnayoteleza nayo leo. Unapanda mpaka kifua kinawaka moto, kisha unateremka umefumba mdomo usimeze vumbi. Tulipoiacha Nkwenda tulikuwa wawili tu mbele, Deo na mimi nyuma yake. Tukaingia kwenye mteremko mrefu, mawe yamechomoza katikati ya njia, na tairi lake la mbele likapasuka. Nilimwona akirushwa. Kifua chake kikapiga jiwe la ukingoni.

Niliitupa baiskeli nikamkimbilia. Alikuwa akipumua kwa shida, damu inamtoka mdomoni.

"Anselmi," akaniambia, "nenda wewe. Mtamba usitupite."

Nenda! Yuko hali ile, bado anawaza mtamba wa mama yake.

Waliokuwa nyuma yetu wakaanza kufika. Wachache walisimama. Wengine walitazama, wakainamisha vichwa, wakakanyaga pedali wakapita. Nao siwataji, maana wengine bado tunapeana mkono wa amani kanisani, na mkono huo, Mungu anisamehe, huwa nautoa kwa shida.

Hatimaye pikapu ikatokea. Nikasimama katikati ya barabara nimeinua mikono. Tajiri alikuwa kiti cha mbele, ameshusha kioo nusu. Nyuma walikuwa wamepakia spika na kreti za soda.

"Shikamoo, mzee. Deo ameumia vibaya. Tumpakie tumrudishe Nkwenda, kwenye zahanati."

Akamtazama Deo kama mtu anavyolitazama gunia lililotoboka.

"Wageni wananisubiri Murongo," akasema. "Mwekeni kivulini. Nikifika nitatuma gari."

"Mzee, hali yake haisubiri!"

"Kijana, toka barabarani."

Dereva akapiga honi, akapitia pembeni, vumbi likatuangukia sote, aliyelala na tuliosimama. Gari alilosema atalituma, mwanangu, mpaka leo halijafika.

Niliokota jiwe. Nilikuwa na nguvu, na pikapu ilikuwa ikipanda polepole kilima cha mbele; ningeifikia, ningevunja kioo na kichwa kilichokuwa nyuma yake. Nilishaanza kukimbia niliposikia sauti ya ukali ikiniita. Alikuwa Ta Kagoro, mzee mfugaji aliyekuwa akichunga ng'ombe wake kwenye nyasi za mlimani, ameteremka baada ya kuona Deo alivyoanguka.

"Wewe! Jiwe hilo litambeba mwenzako?"

Nilikuwa nalia kwa hasira.

"Nimekuuliza. Litambeba? Basi litupe, tufunge machela. Hasira yako nayo ina miguu, itembeze mahali penye faida."

Aliniaibisha mbele ya wenzangu, na leo namshukuru. Tulikata miti, tukaifunga kwa kamba na shuka lake mwenyewe. Watu wakatoka kwenye vibanja vyao vya migomba, wanaume kwa wanawake, bila kuuliza huyu ni wa ukoo gani wala wa dini gani. Ta Kagoro akawaacha ng'ombe wake mlimani bila mchungaji. Tulibeba kwa zamu, tukipanda ule mlima tulioushuka kwa sekunde chache, na mlima haukuwahi kuwa mrefu vile. Kabla ya kufika Nkwenda, Deo akanishika kidole. Kisha akakiachia.

Muuguzi alisema kama angefika mapema, huenda. Huenda! Neno hilo nimelibeba umri wangu wote.

Tulimzika. Siku ya matanga tajiri akaja na suti nyeusi, na nyuma yake mfanyakazi akivuta mtamba kwa kamba. Akasimama akahutubia. Akasema tusilaumiane, kwani ajali haina kinga. Wazee wakaitikia kwa vichwa, wewe unajua jinsi watu wanavyoinama mbele ya mwenye mali. Nikainuka. Safari hii sikuwa na kitu mkononi.

"Tairi kupasuka ni ajali," nikasema. "Kutosimama si ajali. Uliahidi kubeba wanaoanguka, ukabeba soda."

Mtu akanivuta shati niketi. Sikuketi. Lakini aliyemaliza kazi ni Ma Kokusima. Aliinuka kwenye mkeka taratibu, akaenda hadi kwa yule mtamba, akampapasa shingo, maana mnyama hana hatia. Kisha akamgeukia tajiri.

"Baba, mrudishe ng'ombe wako. Mimi nilizaa mtu."

Hakupiga kelele, hakulaani. Tajiri aliondoka bila kuaga, na wale waliokuwa wakiitikia kwa vichwa wakatazama miguu yao.

Mwaka uliofuata akatangaza mashindano tena, na zawadi kubwa zaidi. Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya Ta Kagoro. Nilipanda baiskeli nikaitembeza hasira yangu. Kutoka Rugu hadi Murongo nilisimama kila penye vijana, minadani, makanisani, kwenye vilabu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikawasimulia kama ninavyokusimulia wewe. Siku ikafika, spika zikapigwa, utepe ukafungwa. Hakutokea baiskeli hata moja. Hata wale waliompita Deo hawakuja. Tajiri alisimama na kipaza sauti chake mpaka jua likamchoka, na hakurudia tena.

Sasa naambiwa wamekuja matajiri wengine. Wanataka mkimbizane kwa baiskeli kwenye lami kuanzia Rubwera, mmevaa fulana zenye sura zao. Nilikwenda kuwauliza: gari la wagonjwa liko wapi? Kijana mmoja akanicheka, "Mzee, hayo ni mambo ya kizamani, siku hizi bodaboda zipo kila kona." Nilirudi nyumbani damu inachemka. Lami imekuja, dharau ni ileile! Mnateremka kwa kasi ambayo Deo hakuiota, na malori ya mpakani yanapishana nanyi, halafu mtu anacheka?

Mwanangu, sikukatazi baiskeli. Kijana asiyeipenda milima yake atapenda nini? Ninachokukataza ni kumpa mtu nguvu za miguu yako kabla hujajua atafanya nini ukianguka. Muulize mbele ya watu, na akicheka, rudi nyumbani, na wenzako uwavute. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na wewe mwenyewe, ukimkuta mtu yuko chini, simama, hata kama unaongoza, hata kama zawadi unaiona kwa macho. Watakuambia hasira ni hasara. Ni hasara ukiirusha kama jiwe. Lakini usikubali kuambiwa uizime, maana anayekuambia hivyo mara nyingi ndiye aliyekukosea. Ishike, itembeze, mpaka ifanye kazi ya mtu mzima.

Nenda sasa. Mungu wa milima hii akupe pumzi ya kupanda na akili ya kuteremka. Breki zako zishike. Usikose wa kukuinua, wala usiwe mtu wa kumpita aliyelala njiani. Na mama yako akuone ukirudi, leo na siku zote.