Baba Mdogo na Mwaka wa Ndui

Juzijuzi, ndugu yangu, tulipoambiwa tujifungie ndani kwa ugonjwa ule uliozunguka dunia nzima, wajukuu walilalamika wee. Mie mawazo yalikuwa yamerudi Temeke ya utoto wangu, zama za Mwingereza, mwaka ndui ilipoingia mtaani kwetu.

Tuliishi kwa bibi, nyumba ya udongo na makuti, mie na baba mdogo, mwanawe wa mwisho. Baba mdogo hakuwa mzima wa akili. Alisikia sauti ambazo sie hatukuzisikia. Lakini kutembea kulimtuliza. Kila asubuhi alichukua mzega wake, ule mti wa kubebea madebe mawili begani, madebe yakigongana, akawachotea maji kinamama hadi kule Keko. Akirudi amelowa jasho, anakula mihogo ya nazi, analala kama mtoto mchanga. "Dawa yake ni miguu yake," bibi alizoea kusema.

Ndui ilipompata jirani, bwana afya alikuja na askari, wakauzungushia mtaa kamba. Hakuna kutoka. Siku za mwanzo baba mdogo alizunguka uani, akihesabu hatua kwa sauti. Kisha akaacha kulala. Chakula nacho akakikataa, akidai bibi anamtilia ndui kwenye uji. Mtu ambaye hakuwahi kumpiga hata paka akaanza kuvunja vyungu.

Asubuhi moja bibi alikuwa akitwanga. Baba mdogo alimnyang'anya mchi, akampiga nao mkononi. Niliusikia mfupa ukivunjika. Nikapiga yowe. Wanaume wakaja mbio, wakamfunga.

"Mfungueni!" bibi alilia, mkono unaning'inia. "Mwanangu si mkorofi, amefungiwa tu!"

Baba mdogo akanitazama mie. "Mwanangu, waambie nataka kwenda kisimani."

Sikuwaambia. Nilijificha nyuma ya bibi.

Askari walimchukua, akapelekwa bara, hospitali ya wagonjwa wa akili. Ndui ikaisha, kamba ikaondolewa, mkono wa bibi ukaunga umepinda. Mwaka uliofuata ikaja barua. Mwalimu akatusomea kwamba amefariki. Bibi hakunilaumu kwa yowe lile hata siku moja. Wala hakuniambia kwamba nilifanya vyema.

Nyumba ile haipo tena, mtaa umejaa maghorofa. Wazee wachache waliosalia wanamkumbuka kichaa aliyemvunja mama yake mkono. Nimebaki mie peke yangu ninayejua kwamba alikuwa mpole.