Ua la Majabali Lililonyweshwa Newala

Vita vya Maji Maji vilipokwisha, Mdachi wa boma la Newala alitafuta kitu cha kupenda. Sisi hakuona kama tunafaa. Akalipenda ua.

Nianze na ua lenyewe, maana halina kosa. Huota juu ya majabali ya Masasi, nilikozaliwa, pasipo udongo wa kujaza hata kiganja. Kiangazi chote ni kishina cheusi, kikavu. Kwetu tulikisugulia vyungu. Mvua za kwanza zikinyesha, siku chache tu limechanua rangi ya zambarau. Kisha linalala tena, wala halilalamiki.

Mdachi akalihurumia. Akalihamishia bustanini kwake, akaamuru wanawake tushuke bondeni kulichotea maji kila siku. Tukishapanda genge na mitungi kichwani, hatukuwa na nguvu za kushuka tena kwa ajili ya wanetu. Wao walilamba midomo. Hawakuwa na bahati ya kuzaliwa maua.

Ua likaoza. Likaletwa jingine, pamoja na tangazo: hili likifa, kila mchota maji atachapwa viboko.

Nikamwendea, nikamweleza taratibu, kama ninavyokueleza wewe.

"Bwana Mkubwa, hili ukilinywesha sana linakufa."

"Habari za mimea umesomea wapi?"

"Kwenye chungu, Bwana, nikisugua."

Akacheka, akanipa mimi kazi ya kumwagilia, ili nijifunze.

Nikajifunza. Askari wa langoni aliamriwa kuhakikisha mitungi inaingia imejaa. Kuhusu inayotoka hakuamriwa lolote, naye alikuwa mtu mtiifu sana.

Watoto wakanywa. Kishina kikazidi kukauka.

"Shoga, umetuua," jirani yangu akaninong'oneza. "Ua gani hilo? Hiyo ni kuni!"

"Limelala tu, mwenzangu. Vumilia, mvua i karibu."

"Na viboko navyo vimelala?"

Hata mimi nilikwisha kuanza kuogopa.

Mvua ikanyesha. Siku ya tatu ua likachanua. Mdachi akatuita sote, akasimama kando yake kama baba wa bibi harusi.

"Mmeona sasa? Maji!"

"Tumeona, Bwana Mkubwa."

Kwa furaha akaagiza yaletwe mengine sita, na kila moja lipate mitungi yake. Tukatazamana. Jirani yangu ndiye aliyeanza kupiga vigelegele.