Sauti ya Taha kwa Fundi wa Magongo

Fundi wa kompyuta wa Magongo hagusi kazi ya mtu kabla ya kufuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja, kama anayekwenda kupokea mtoto mchanga. Mahfoudha alimtazama akifuta, mama yake kaketi ubavuni. Kompyuta ilikuwa ya kaka yake, marehemu Taha, aliyemtungia mama programu ya kumkumbusha dawa ya presha kwa sauti yake mwenyewe. Baada ya arubaini, binamu yao alijaribu kuitengeneza programu vizuri zaidi, akakosea, akairudisha kwenye hatua ya zamani, yaani nakala iliyohifadhiwa awali, na kazi ya mwisho ya Taha, sauti ikiwemo, ikatoweka. Tangu hapo mama hamezi dawa. Husema anangoja aitwe.

"Haijafutika, dada," fundi alisema taratibu, macho kwenye skrini, kwani siku zote huzungumza akiitazama. "Mfumo huu hautupi kazi upesi. Ipo humu, ila imebaki bila jina, haina wa kuiita." Kidole kilishuka mstari kwa mstari kwenye orodha ya hatua zilizohifadhiwa, kikapanda, kikashuka tena, kisha kikatulia. Akaipa ile hatua jina, akaifungua. "Mama, dawa," ikasema sauti ya Taha. "Abee, mwanangu," mama akaitika, akafungua mkoba kutafuta vidonge. Mahfoudha aliinamisha uso kwenye buibui lake. Fundi alisogeza chupa yake ya maji mbele ya mama, akageukia ukuta, akaanza kufuta vidole upya.