Aliiba fuwele zangu za eksirei, sasa anataka nimwokoe

Admin, jina langu lifiche kabisa, huyu mtu anaufuatilia huu ukurasa. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Ilemela, kazi yangu ni utafiti wa maabara.

Natengeneza fuwele za kupokea mionzi ya eksirei. Zinaitwa perovskaiti, zimekaa tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyokunjwa vizuri. Mionzi kidogo tu ikizigusa zinatoa umeme na picha inaonekana, mgonjwa hapigwi mionzi mingi. Nilianza kwa ajili ya mdogo wangu wa kike. Mgongo wake ulipinda tangu utotoni, alikuwa anapigwa eksirei kila mara huku mama analia nje ya mlango.

Mchumba wangu tulikuwa maabara moja. Nilimfundisha kila kitu, mpaka namna ya kupoza mchanganyiko polepole tabaka zisipasuke. Nilipoenda Misungwi kumuuguza mama, akaipeleka kazi kwa wakubwa kwa jina lake peke yake. Narudi nakuta anapongezwa.

Nikamuuliza, "Mimi niko wapi humu?"

Akacheka. "Wewe si ulikuwa unanisaidia tu?"

Uchumba ukafa hapohapo. Jamani, nililia! Halafu nikarudi kazini kimyakimya, nikagundua zile fuwele alizoiba zina kasoro. Ukiongeza umeme, chembe zinahama ndani ya tabaka, picha inaharibika. Nikabadilisha kiungo kinachoshikanisha tabaka, zikatulia. Sikumwambia mtu.

Juzi akanipigia, sauti ya asali. "Mama, picha zinafifia, na Ijumaa naonyesha kifaa mbele ya wafadhili. Nifanyeje?"

Nikamjibu kwa upole, "Ongeza umeme tu, itakaa sawa."

"Mungu akubariki. Najua huna kinyongo."

Kinyongo ninacho, tena kimejaa! Nimeshaomba kiti cha mbele nimwone jasho likimtoka.

Nikamsimulia mdogo wangu, nikidhani atafurahi. Akasema, "Dada, wakiona hiyo imeshindwa, nani atasikiliza ya kwako?"

Amesema kweli. Wafadhili hawatajua zangu ni tofauti, watasema perovskaiti ni uongo, basi.

Ijumaa ni keshokutwa. Nimwambie ukweli azidi kupata sifa kwa jasho langu, au nimwache aanguke hata kama ninaanguka naye? Nipeni ushauri ndugu zangu, ila wa kuniambia nimsamehe apite kimya.