Mama wa Bwawa la Kwamsisi

Mama anayetunza bwawa la samaki la kijiji chetu cha Kwamsisi haitikii shikamoo ya mtu mpaka kwanza ayatazame maji. Huchuchumaa ukingoni, hurusha konzi moja ya pumba, kisha husubiri huku midomo yake ikihesabu kimya kimya. Perege wakija mbio, hutabasamu. Wakichelewa, au wakibana mapezi na kuhema juu ya maji, huchota maji kwa kibuyu na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, mpaka wapate pumzi.

Jumatatu ile perege walikuwa bado wanahema, Mwenyekiti Muhidini alipofika na debe la kambale hai waliovuliwa alfajiri kule Hale. Wageni wa wilaya wangekuja Jumamosi, naye alitaka bwawa lionekane limejaa.

“Wamimine, mama. Hapa kijijini wote ni ndugu.”

“Samaki hawajasoma Azimio la Arusha, Mwenyekiti. Hawa watamaliza vifaranga vyote vya perege.”

“Unapinga chama?”

Mbele yetu sote tuliosimama pale, mama alitia mkono ndani ya debe, akamtoa kambale mnene kuliko wote, akampasua tumbo kwa kisu cha kumenyea mihogo. Akatoa visamaki vitatu, akavipanga kwenye kiganja cha mwenyekiti kimoja kimoja, polepole, kama anayempa mtoto karanga.

Mwenyekiti alivitazama, kiganja kikiwa wazi.

“Lipelekeni debe jikoni,” akatuambia.