Tangi la Masafa Marefu

Pikipiki zilikuwa mbili, zimesimama bega kwa bega kwenye uwanja wa fundi mmoja pale Kijenge, na kwa muda mrefu Jumamosi zangu zote ziliishia kwenda kuzitazama. Zilikuwa za mume na mke, wageni waliozipanda kutoka kusini kabisa mwa Afrika mpaka Arusha. Walipofika hapa wakachoka, au wakachokana, sijui, wakapanda ndege kurudi kwao na kumwachia fundi aziuze. Zilikuwa za aina moja, injini moja, rangi moja ya mchanga. Tofauti ilikuwa tangi. Ya mke ilikuwa na tangi la kawaida. Ya mume ilikuwa na tangi la masafa marefu, limevimba pande zote mbili kama ng'ombe aliyekula majani mabichi.

Mimi si mrefu. Nikikaa juu ya ile ya tangi dogo, nyayo zangu zilifika chini vizuri. Nikikaa juu ya ile kubwa, ni vidole tu vilivyogusa, tena vya mguu mmoja. Fundi alikuwa akinitazama nikining'inia pale juu na kujitahidi asicheke.

"Mwalimu," aliniambia, "hii ndogo ndiyo saizi yako. Hiyo nyingine ukishaijaza mafuta, ikilala imelala. Utamwita nani aje muinyanyue?"

"Simwiti mtu," nilimjibu. "Ndiyo maana nataka tangi kubwa."

Nilijibu kwa ukali kuliko ilivyostahili. Nina tabia hiyo. Nikiulizwa kitu ambacho nimekwisha kujiuliza mwenyewe usiku, najibu kama nimetukanwa.

Nafundisha jiografia, na mwalimu wa jiografia akitaka kununua kitu huanza na ramani. Niliitandika ramani ya Afrika Mashariki juu ya meza ya kulia chakula, nikachoma sindano ya bikari pale Arusha, nikachora maduara mawili. Duara la tangi dogo lilikuwa la kwenda na kurudi bila kuongeza mafuta njiani, na lilijaa miji ninayoijua: Moshi, Same, Babati. Duara la tangi kubwa lilivuka mpaka likaingia jangwani kwa majirani zetu, mahali ambapo ramani haina chochote ila rangi ya njano. Huko ndiko nilikotaka kwenda. Nilitaka kufika mahali na kurudi bila kumwomba mtu yeyote kitu chochote.

Mke wangu alikuja na sahani za chakula akakuta meza imekaliwa na nchi tatu. Yeye ni wa Marangu, ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, na hana subira na kitu kisichouzika.

"Baba watoto," alisema, "tangu lini umekuwa mtu wa jangwani? Safari yako ndefu kuliko zote ni kwenda kusahihisha mitihani, tena kwa basi, tena unarudi unalalamika mgongo."

Nilimwambia mtu hujiandaa. Akaweka sahani moja juu ya Ziwa Viktoria, akainama kutazama.

"Na kwa shemeji ni wapi humu?"

Alitafuta mwenyewe kwa kidole, kaskazini kidogo mwa Arusha, akakuta kwamba Oldonyo Sambu imeingia kwenye tundu la sindano ya bikari. Ilikuwa karibu mno na katikati kiasi kwamba haikuonekana.

"Mimi simo," alisema akiketi. "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mimi kapu langu lipo. Kula, chakula kinapoa."

Sasa niseme habari ya kaka yangu, huyo shemeji. Sisi ni Wameru wa mlimani, juu ya Kikatiti, na baba alituachia shamba la kahawa na migomba lililogawanyika vizuri: upande wa kaka, upande wangu, na mama katikati pamoja na kaburi la baba. Miaka kadhaa baada ya mazishi, kaka aliuza upande wake kwa mtu wa mbali ambaye hata jina la babu yetu hajui. Mtu yule akang'oa kahawa akajenga ukuta. Kaka akachukua fedha akaenda kununua eneo kubwa nyuma ya mlima, Oldonyo Sambu, akawa analima maharage na kufuga ng'ombe. Alikuwa na sababu zake, na alitaka kunieleza. Sikutaka sababu. Kwetu shamba la baba haliuzwi kama vile mama hauzwi, na mpaka leo nikipita pale nageuza uso nisiuone ule ukuta.

Yeye amenipita miaka minne. Tangu nijue kusema nilikuwa namwamkia shikamoo, na yeye ananijibu marahaba huku akinishika kichwa, hata nilipokwisha kuwa na mvi nyingi kuliko zake. Baada ya ukuta ule niliacha. Tukikutana msibani, namwambia "habari yako." Asiye wa kwetu hawezi kuona ubaya wowote kwenye maneno hayo, lakini kila mtu aliyekuwa karibu alikuwa akitazama chini. Niliapa mbele ya watu kwamba shikamoo nyingine katika ukoo huu itatoka kwake kuja kwangu. Mama alisema, "Wanangu wanasalimiana kama abiria." Baadaye tukazoea kupishana. Yeye alikuwa anakuja kwa mama wiki moja kabla ya Krismasi, mimi siku yenyewe.

Mwaka wa zile pikipiki hakuja. Ng'ombe alimpiga teke la goti, likavimba, akawa wa kulala na kuchechemea. Mama akataka kwenda kumwona. Tatizo ni kwamba mama na gari haviendani. Mlango ukifungwa tu anaanza kutapika, na akifika anakokwenda ni mgonjwa wa siku mbili. Lakini mpandishe pikipiki, upepo umpige usoni, ataimba nyimbo za kwaya kutoka mwanzo wa safari mpaka mwisho, sauti ya pili. Dada zetu walikataa asichukuliwe na bodaboda njia yote ile ya lami yenye malori. Basi nilipopanda kumsalimia Jumapili moja, alikuwa amekwisha kusikia habari za Kijenge.

"Mwanangu, nasikia unachagua pikipiki."

"Ndiyo, mama. Ziko mbili. Moja inakwenda mbali, nyingine inakwenda mbali zaidi."

"Ipi inafika kwa kaka yako?"

"Zote zinafika, mama."

"Basi unangoja nini?"

Hakusema kwa hasira. Aliendelea kumenya ndizi. Mimi nilisikia aibu mpaka masikioni, na kwa kuwa aibu kwangu hugeuka ukaidi, kesho yake nilikwenda Kijenge nikanunua ile kubwa.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao nadhani mtengenezaji wa lile tangi hakuwahi kuufikiria. Sisi huku hatununui mafuta kwa lita. Tunaingia kituoni tunasema "niwekee ya elfu kumi," tunaondoka, na siku ikifika tunarudi kusema hivyo hivyo. Nimeendesha vyombo maisha yangu yote na sijawahi kutamka "jaza." Asubuhi ile ya safari niliingia kituoni na tangi langu la kuvukia jangwa, yule dada wa pampu akashika mpira akaniuliza ngapi, na mdomo wangu ukajibu wenyewe: ya elfu kumi. Nilipoitikisa pikipiki nikasikia mafuta yakicheza ndani, nikaridhika. Geji haikuwapo. Na mtu aliyekalia tangi kubwa kiasi kile hujiona ameshiba hata kama hajala.

Nilimchukua mama juu ya Kikatiti. Alipanda kwa kigoda, sweta mbili, kitenge kimefungwa juu ya suruali ya marehemu baba, kofia ngumu juu ya kilemba. Tulishuka kwenye lami, tukapita Tengeru, tukapita mjini, tukapanda Ngaramtoni. Alikuwa anaimba. Mlima ulikuwa kulia kwetu ukigeuka polepole, na kadiri tulivyouzunguka ndivyo migomba ilivyopungua na vumbi kuongezeka, mpaka ukawa mlima mwingine, mkavu, mpana. Mama alikatisha wimbo.

"Kumbe huu mlima una mgongo," alisema. Alikuwa ameishi miaka themanini upande mmoja tu.

Oldonyo Sambu nilikiona kituo cha mafuta nikakipita, tena kwa dharau kidogo. Tukaacha lami, tukashika njia ya vumbi inayopanda kuelekea mashamba. Pikipiki ikakohoa mara mbili, ikazima.

Nilimshusha mama. Nilifungua kifuniko nikachungulia: giza tupu. Fundi alikuwa amenieleza kwamba tangi la aina ile likikaribia kwisha, mafuta hubaki upande usio na koki ya kuyapeleka kwenye injini, na dawa yake ni kuilaza pikipiki ili yavuke. Nikailaza. Nikatega sikio. Nikaitikisa. Hakukuwa na kitu cha kuvuka. Kisha nikashindwa kuinyanyua, na ilibidi mama yangu wa miaka themanini ashike chuma cha nyuma, tuhesabu pamoja, tuivute.

"Sawa," nilisema nikihema. "Njia ni mteremko. Tutaiachia ishuke yenyewe mpaka lami, tuweke mafuta."

Lilikuwa shauri la akili. Lakini nilijijua. Moyo wangu ulikuwa umeanza kupoa tangu tuache lami, na nilijua kwamba nikifika chini na tangi likipata chochote, nitapata na sababu: jua limepanda, mama amechoka, tutakuja siku nyingine. Nadhani mama naye alinijua. Alitafuta jiwe, akalipangusa kwa pindo la kitenge, akaketi akatazama juu, kule tulikokuwa tunakwenda.

"Mimi sishuki," alisema. "Mpigie kaka yako."

"Mama, kaka ni mgonjwa."

"Goti ndilo linaumwa, si sikio."

Akatoa simu yake ya kitochi kifuani, akabonyeza namba anayoijua kwa kidole, akanipa ikiwa tayari inaita. Nilitaka kumrudishia. Alikuwa ameweka mikono chini ya kitenge.

Kaka alipokea upesi, kwa sababu alidhani anayepiga ni mama.

"Shikamoo," alisema.

Sauti ilikuwa imezeeka. Sikutegemea hilo. Na lile neno nililoapa kwamba litatoka kwake kuja kwangu lilikuwa sikioni mwangu, limekuja lenyewe, na nilichotakiwa kufanya ni kuitikia tu. Sikuweza. Nilijisikia kama nimeokota mali ya mtu njiani. Kule kwenye simu nikamsikia akisema tena, kwa wasiwasi sasa, "Mama? Shikamoo, mama. Kuna nini?"

"Siyo mama," nilisema. "Ni mimi."

Nikampa mama mgongo.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

Nilisikia ng'ombe, nikasikia mtoto akiitwa, nikamsikia akivuta pumzi kwa pua kama alivyokuwa akifanya baba alipokuwa hataki machozi yaonekane.

"Marahaba," alisema. "Mko wapi?"

Nilimweleza. Mafuta yameisha, tuko njia ya mashamba, mama yupo, mzima. Akaniambia tusiondoke. Nilimrudishia mama simu, naye akaifuta kwanza kwenye kitenge kabla ya kuirudisha kifuani, maana niliilowesha.

Kaka alikuja kwa bodaboda, mguu mmoja ameunyoosha pembeni, fimbo mkono mmoja, kidumu cha petroli mkono mwingine. Alikuwa amekonda. Alimwamkia mama, akakumbatiwa, akapapaswa goti kama mtoto, akakaripiwa kwa kutoka kitandani. Halafu akanigeukia. Hakuzungumza habari ya shamba, na mimi sikuzungumza habari ya ukuta. Bado sijaukubali ukuta ule. Aliizunguka pikipiki akichechemea, akaligonga tangi kwa fimbo, likalia kama debe.

"Tumbo lote hili," alisema, "na ndani hakuna kitu?"

"Ni la masafa marefu," nilisema.

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Kisha kaka, kisha mimi, mpaka yule kijana wa bodaboda akawa anatutazama mmoja mmoja.

Nilifungua kifuniko, kaka akamimina. Alimimina kidogo, kama mtu anayetia mafuta ya taa kwenye kibatari, akainua kidumu akakaza kizibo. Kidumu kilikuwa bado kizito. Nilikiona kinavyomvuta bega.

"Kaka, hayo hayatoshi," nilimwambia. "Yatatufikisha kwako tu. Hayatanirudisha Arusha."

"Najua," alisema, akampa yule kijana wa bodaboda kidumu akiweke mbele, naye akapanda nyuma watangulie nyumbani. "Ya kurudia utapewa kesho."